Masika Hubisha Hodi: Je, Tunaitika?



Kila mwaka, mwezi wa Machi unapokaribia, masika hubisha hodi. Upepo hugeuka, joto la usiku huzidi, mawingu hujikusanya, na wazee huanza kutazama upande wa mlima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hutoa utabiri wa msimu kabla matone ya kwanza hayajaanguka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mvua hutujia kama mwizi. Mgeni huyu hubisha hodi. Swali ni kama tunaitika, au twajifanya kwamba hatupo nyumbani.

Twaandika juu ya jambo hili tukiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia, tulisikia redioni Jumamosi jioni tahadhari ya mvua kubwa kwa siku tatu. Kesho yake, katika matangazo ya mwisho wa Misa, tulitangaza ndoa mbili, mchango wa mabati, zamu za usafi, na majina ya Jumuiya ambazo hazijakamilisha zaka. Tahadhari ya mvua hatukuitangaza. Haikutujia akilini kwamba hilo nalo ni tangazo la kanisani. Usiku wa Jumatatu mto uliacha njia yake. Katika nyumba moja ya bondeni alifariki bibi mmoja pamoja na wajukuu wake wawili. Kijana mmoja wa kwaya, hodari wa kuogelea katika maji matulivu, alijitosa kuwafuata. Tulimzika pamoja nao. Kamba ndefu pekee iliyopatikana usiku ule ilikuwa ile ya kengele ya kanisa, nayo ilifunguliwa wakati hakuna tena mtu wa kurushiwa.

Mazishini tulihubiri juu ya mapenzi ya Mungu, na watu wakaitikia Amina. Lakini baadaye katekista mmoja mzee alitusogelea, akatuuliza kwa heshima: "Baba Paroko, Mungu alipenda tusiwe na kamba?" Swali hilo halijatutoka hadi leo.

TUSIMSINGIZIE MUNGU

Ni desturi yetu kusema, maafa yanapotokea, kwamba ni kazi ya Mungu na haina makosa. Neno hilo lina faraja yake, nasi hatumkatazi mfiwa kulisema. Lakini linaposemwa na viongozi ambao hawakutimiza wajibu wao, huwa ni kumsingizia Mungu kosa letu. Wapo na wengine wanaokwenda mbali zaidi, wakidai kwamba waliokufa walikuwa wakiadhibiwa kwa dhambi zao. Hao wafungue Injili ya Luka, sura ya 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua, na Bwana wetu alikataa katakata kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Toba aliyoidai ilikuwa ya wale waliobaki hai. Nasi ndio tuliobaki hai.

Tuyatazame basi yaliyotupata. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na reli zetu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika ukaingia Kilosa, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Desemba 2011 maji yalilijaza Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakafariki. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Na mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155.

Mvua huwanyeshea watu wote, lakini mafuriko hayawaumizi wote sawasawa. Huanza na mtu wa bondeni. Na mtu huyo hakukaa bondeni kwa sababu ya kupenda sauti ya vyura. Alikaa pale kwa sababu kiwanja kile ndicho alichoweza kukinunua. Tena palikuwa na mtu aliyemwuzia, na mtu aliyegonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, na pengine nguzo za umeme zikafika mpaka mlangoni pake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ni njema. Lakini mara nyingi maskini husomewa sheria hiyo siku nyumba yake inapowekewa alama ya kubomolewa, wala si siku ile anapotoa fedha zake. Hapo pana suala la haki ambalo Tume yetu haiwezi kulinyamazia.

Baada ya mafuriko ya 2011, familia nyingi za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, nje ya jiji. Walio wengi walishukuru. Hata hivyo baadhi yao walirudi walikotoka, kwa kuwa kazi, soko na wateja wao vilibaki mjini. Kumhamisha mtu bila kuihamisha riziki yake ni kumwonyesha njia ya kurudi.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tu. Ni nani anayetupa taka katika mfereji? Ni nani anayechimba mchanga kwenye kingo za mto, na kulima mpaka kileleni, na kukata mti wa mwisho mlimani kwa ajili ya mkaa? Ni sisi, tunaopanga mstari wa Komunyo siku ya Dominika.

MSAADA WA KWANZA UKO KWA JIRANI

Wapo watakaosema: "Uokoaji ni kazi ya Serikali." Ni kweli, nasi twaidai Serikali itimize kazi hiyo. Lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo huitwa kwa kupiga namba 114 bila malipo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tuulize bila woga: kamati ya kijiji chetu ni akina nani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Kuuliza hivyo si uchochezi, ni uraia.

Lakini tujue pia kwamba mto hausubiri gari litoke mjini. Barabara ikikatika, gari hilo halifiki. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege ya abiria ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43. 19 walifariki, 24 waliokoka. Ni nani waliotangulia kufika? Ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao. Hawakuwa na sare wala vyeo. Walikuwa jirani. Ndivyo ilivyo karibu katika kila maafa: katika saa ile ya kwanza, ambayo ndiyo inayoamua nani ataishi, mwokoaji ni yule aliye karibu. Basi kama sisi ndio waokoaji wa kwanza, tupende tusipende, yafaa tuwe waokoaji wenye ujuzi na vifaa.

Na kujiandaa kwa namna hiyo kunazaa matunda. Tuitazame nchi ya Bangladesh, katika Asia ya Kusini, iliyo tambarare kando ya bahari na yenye maskini wengi kama sisi. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Kuanzia mwaka 1972 Serikali yake pamoja na chama cha Hilali Nyekundu waliandaa wananchi wa kujitolea katika vijiji vya pwani, wenye vipaza sauti, bendera na redio, wakapita nyumba kwa nyumba kutoa tahadhari. Baadaye yakajengwa majengo mengi ya kukimbilia. Mwaka 1991 kimbunga kikali kiliua watu wapatao 138,000. Mwaka 2007 kingine kiliua wapatao 3,400. Na kile cha mwaka 2020 kiliua katika nchi hiyo watu wasiofika 50. Bahari haikupunguza hasira yake. Watu ndio waliojifunza kuitikia hodi.

Tukumbuke na yule Msamaria mwema. Tumezoea kusifu huruma yake, na ni haki kuisifu. Lakini hatuangalii sana mzigo wake. Alikuwa na mafuta na divai, alikuwa na kitu cha kufungia majeraha, alikuwa na mnyama wa kumbeba majeruhi, na alikuwa na dinari mbili za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Angekuwa na huruma tupu, angelia kando ya barabara pamoja na yule aliyeumizwa, na wote wawili wangekutwa na usiku pale pale. Huruma isiyo na kamba ndiyo tuliyokuwa nayo sisi usiku ule.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na kikosi chake kidogo cha uokoaji, watu sita au wanane, wake kwa waume, kabla masika hayajaanza. Mafunzo yaombwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au kwa Chama cha Msalaba Mwekundu. Mambo yafuatayo ni ya msingi.

Kwanza, orodha. Kikosi kijue kila mtu anayekaa karibu na mto, korongo au mteremko mkali. Kijue ni nani haoni, ni nani hawezi kutembea, ni mama yupi amekaribia kujifungua, ni mzee yupi anaishi peke yake. Kila mmoja wao apangiwe mtu wa kumwamsha na kumtoa. Orodha hii isiwe ya Wakatoliki peke yao. Maji hayaulizi mtu anasali wapi.

Pili, mahali pa kukimbilia. Ijulikane mapema ni wapi palipo juu na salama, na ni njia ipi ya kufika huko isiyovuka maji. Kama ni shule au kanisa, iulizwe: ufunguo unakaa kwa nani saa nane za usiku?

Tatu, ishara. Simu ni nzuri, lakini mvua kubwa ikinyesha mtandao hupotea. Tukubaliane juu ya mlio mmoja wa hatari, wa kengele, filimbi au ngoma, usiofanana na mlio wa Misa wala wa msiba. Palipo na msikiti, tuzungumze na ndugu zetu Waislamu, kwani kipaza sauti chao hufika mbali. Anayekaa karibu na mto unaotoka mlimani ajue kwamba maji yaweza kuja hata kama kwake hakuna mvua. Maji yakigeuka rangi ghafla, yakileta magogo, au mto ukinguruma, asikae kukusanya vyombo. Aondoke.

Nne, vifaa. Kamba imara ya mita 30 si anasa. Tuwe na madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko, tochi, filimbi, shoka, majembe, machela ya kubebea wagonjwa na redio ya betri. Vitu hivi vikae mahali pamoja panapojulikana, wala visiazimwe kwa shughuli za harusi.

Tano, namna ya kuokoa. Waokoaji wenye ujuzi hufundisha hivi: mfikishie mtu kitu, au mrushie kitu, lakini usijitose. Mnyoshee mti mrefu. Mrushie dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko na kufungiwa kamba, litamwelesha. Anayerusha alale chini au ashikwe na wenzake, na asijifunge kamba kiunoni. Yule kijana wetu wa kwaya hakukosa ushujaa wala upendo. Alikosa mtu wa kumfundisha neno hili moja.

Sita, kuvuka. Maji yaendayo kasi, yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika nusu mita hivi, yaweza kuinua gari dogo na kulisomba. Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule lilichukuliwa na maji ya korongo, na watoto kadhaa hawakurudi nyumbani. Dereva wa daladala au wa bodaboda anaposema "twende tu," abiria wana haki ya kushuka. Mwalimu na mzazi wana wajibu wa kusema: leo watoto wasivuke. Kipindi kimoja cha hesabu hufidiwa. Mtoto hafidiwi.

Saba, radi. Ngurumo zikianza, tutoke shambani na ziwani, tusijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake, na tuingie ndani ya nyumba. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Ashikwe na kusaidiwa mara moja, na kama hapumui, wenye mafunzo wamsaidie kupumua huku akipelekwa hospitali. Hapa hatuna budi kusema wazi: radi haitumwi na bibi kizee wa jirani. Anayemnyoshea mzee kidole baada ya radi anaongeza maafa ya pili juu ya ya kwanza, na Jumuiya inayonyamaza inashiriki dhambi yake.

Nane, nyumbani na baada ya mafuriko. Vyeti, hati na dawa za kila siku viwekwe katika mfuko usiopenya maji, mahali pa kuchukuliwa kwa mkono mmoja. Maji yakianza kuingia, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, iwapo mtu aweza kuifikia bila kukanyaga maji. Yakishaondoka, tujihadhari na nyaya zilizoanguka na kuta zilizolowa. Vyoo vikishafurika, kila kisima kina mashaka. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtu akiharisha, aanze kunywa mara moja maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha awahishwe kituo cha afya. Kipindupindu hakingoji tumalize kikao.

MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Tunajua yatakayosemwa. Mmoja atasema hatuna fedha. Lakini Kwaresima na masika hukutana karibu kila mwaka, na sadaka ya mfungo ni kwa ajili ya uhai wa jirani. Kamba haigharimu hata sehemu ndogo ya kile tunachotumia kwa chakula cha sherehe ya somo wa parokia. Mwingine atasema kwamba kujiandaa hivyo ni kukosa imani, kwamba yatosha kusali. Tusali, ndiyo, na tusali sana. Lakini mkulima mwenye imani hupanda kabla ya mvua, wala hakuna anayemwita mpagani kwa kushika jembe. Wa tatu atasema: hapa kwetu hayajawahi kutokea. Hata katika ile parokia yetu watu walisema hivyo.

Sisi mapadre nasi tuna la kufanya. Mimbari yetu husikika mahali ambapo redio haifiki. Tahadhari ya mvua itangazwe kanisani kwa uzito ule ule wa tangazo la ndoa, na ikibidi, kabla ya tangazo la michango. Na Halmashauri ya Walei ya kila parokia iweke ajenda hii katika kikao kinachotangulia msimu: masika kwa wenye masika, vuli kwa wenye vuli, na ule msimu mmoja mrefu kwa ndugu zetu wa kanda ya kati na kusini.

Yule katekista mzee ameshatangulia mbele za haki. Hatukuwahi kumpa jibu akiwa hai. Leo twalitoa: La, Mungu hakupenda tukose kamba. Ni sisi hatukuinunua. Mawingu yameanza tena kujikusanya, na bondeni taa za jioni zinawashwa katika nyumba ambazo twazijua kwa majina. Hodi imeshabishwa. Tuitike.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni nyumba zipi zitakazofikiwa na maji kwanza? Nani anakaa humo, na nani atamwamsha?

2. Nani aliwauzia watu hao viwanja, na kwa idhini ya nani? Twaweza kufanya nini pamoja ili wapate mahali salama bila kupoteza riziki yao?

3. Je, kijiji au mtaa wetu una kamati ya maafa? Ni mwanajumuiya gani atakayekwenda kuuliza wiki hii, na atatuletea jibu lini?

4. Kamba yetu iko wapi?